Jahazi la Inverlochy: Chifu wa Campbell Mbele ya Malenga

Utangulizi

Katika semina ya fasihi simulizi tuliwahi kuulizwa swali ambalo mwanzoni lilionekana jepesi: je, shujaa anaweza kukimbia vita akabaki shujaa? Karibu darasa zima tulijibu hapana. Mwenzetu mmoja akasema, "Akishakimbia amekwisha, hakuna mjadala hapo." Sisi tuliokuzwa na utendi wa Fumo Liyongo, ambaye hata baada ya kufa aliendelea kuwatisha adui akiwa amepiga goti na upinde mkononi, tungejibu nini kingine?

Nami nilikubali. Nikaenda maktaba kutafuta mfano wa nje ya kwetu wa kuunga mkono jibu letu, na sikuutafuta kwa muda mrefu. Nilimpata Archibald Campbell, chifu wa ukoo wa Campbell huko Uskoti, aliyeishi toka mwaka 1607 hivi hadi 1661. Huyu bwana aliwatazama watu wake wakichinjwa ufukweni huku yeye akiwa ndani ya jahazi, kisha jahazi likang'oa nanga likaondoka naye. Nikasema, haya, huyu hapa mwoga niliyekuwa namtafuta! Lakini kadiri nilivyozidi kumsoma ndivyo jibu letu la semina lilivyozidi kunisumbua.

Makala haya yanajaribu kueleza usumbufu huo. Sina nia ya kumsafisha mtu ambaye mikono yake, kama tutakavyoona, ilikuwa na damu nyingi. Ninachodai ni kwamba Argyll (tumwite hivyo kwa jina la eneo alilolitawala) alikuwa na vyeo viwili katika mwili mmoja, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimlazimisha kuchagua kati ya vyeo hivyo. Malenga walimhukumu kwa cheo kimoja tu. Mhakiki akiishia kurudia hukumu yao anakuwa mwimbaji wa kiitikio, hajahakiki kitu.

Mtu mmoja, vyeo viwili

Tuanze na cheo cha kwanza. Neno la Kigaeli ambalo Waingereza walilichukua kumaanisha ukoo wa Kiskoti, yaani "clann", maana yake ni watoto. Kwa hiyo chifu alihesabiwa kuwa baba, hata kwa watu wasiokuwa na uhusiano wowote wa damu naye. Yeye ndiye aliyegawa ardhi, aliyeamua kesi na aliyewaita wanaume vitani. Wao nao walimpa kodi, utii na miili yao. Chifu wa Campbell aliitwa MacCailein Mòr, maana yake mwana wa Colin Mkuu, na makao yake yalikuwa Inveraray, kando ya mkono mrefu wa bahari unaoitwa Loch Fyne, magharibi ya Uskoti. Katika Nyanda za Juu za nchi ile, ambako Kigaeli ndicho kilichokuwa lugha ya watu, jina hilo lilikuwa na uzito kuliko majina mengi yaliyotoka kwa mfalme.

Cheo cha pili kilitoka huko huko kwa mfalme. Argyll alikuwa Earl, na toka mwaka 1641 akawa Marquess, yaani kabaila wa ngazi ya juu. Kwa cheo hiki aliketi Bungeni Edinburgh, akavaa mavazi ya mjini, akasoma katika Chuo Kikuu cha St Andrews, akaandika barua kwa Kiingereza, akakopa na kukopesha fedha. Basi mtu huyu akiwa Inveraray ni baba wa ukoo. Akiwa Edinburgh ni mwanasiasa. Kati ya sehemu hizo mbili kuna milima, lugha mbili, na tuseme ukweli, mifumo miwili ya maisha.

Alijifunza mapema kwamba cheo cha mfalme kinaweza kuponyoka. Baba yake aliingia Ukatoliki, akaondoka mwaka 1618 kwenda kumtumikia mfalme wa Hispania, na mwaka uliofuata akatangazwa msaliti. Mtoto akabaki nyumbani kuangalia mashamba na madeni, na hakurithi jina kamili mpaka baba alipofariki mwaka 1638. Wanaomweleza wanasema alikuwa mtu wa kununa, mwenye makengeza. Watu wa milimani walimwita Gilleasbuig Gruamach, yaani Archibald Mnunaji. Makengeza hayo nayo yaliingia katika siasa, maana adui zake waliyasoma kama ushahidi wa roho isiyonyooka. Hebu tukumbuke ni mara ngapi sisi wenyewe katika hadithi zetu tumempa mhusika mwovu chongo au kibyongo ili kujirahisishia kazi ya kumchora.

Agano na vita

Vita vyenyewe vilianza kanisani. Mwaka 1637 Mfalme Charles I, aliyetawala Uskoti na Uingereza kwa pamoja, aliamuru Waskoti watumie kitabu kipya cha sala bila kuwashauri. Siku kilipofunguliwa katika kanisa la St Giles, Edinburgh, waumini walifanya ghasia. Februari 1638 wakubwa kwa wadogo walitia saini Agano la Taifa, wakiapa kulinda kanisa lao lisilotaka amri ya mfalme katika ibada. Kanisa hilo ndilo la Presbiteri ambalo baadaye wamisionari wa Kiskoti walilileta Kenya. Wanaolijua eneo la Thogoto, karibu na Nairobi, wanajua kwamba hata jina hilo ni neno "Scot" lililopita katika kinywa cha Mgikuyu.

Novemba 1638 Baraza Kuu la kanisa lilikutana Glasgow. Mwakilishi wa mfalme alipoona mambo yamemshinda aliamuru baraza livunjwe, akatoka. Argyll alibaki kitini. Tendo dogo hilo, kukaa wakati umeambiwa uondoke, ndilo lililomfanya kiongozi wa Wana-Agano. Nalitaja kwa makusudi. Mtu ambaye fasihi inamkumbuka kwa kuondoka aliingia katika historia kwa kukataa kuondoka.

Lakini Wana-Agano nao walikuwa na upanga. Mwaka 1640 Argyll alipewa kibali cha kuwatiisha kwa moto na chuma wafuasi wa mfalme katika nchi za Atholl na Angus. Aliichoma nyumba ya Airlie, makao ya ukoo wa Ogilvy. Mwaka uliofuata mfalme, akitafuta suluhu, akampandisha cheo akawa Marquess. Ajabu ya siasa hiyo! Aliyempinga ndiye aliyetunukiwa.

Mwaka 1642 Waingereza nao wakaanza kupigana, Bunge lao dhidi ya mfalme yule yule. Mwaka 1643 Wana-Agano waliungana na Bunge hilo, na mwanzoni mwa 1644 jeshi la Waskoti likavuka mpaka kwenda kusini. Nyumbani kukabaki wazi. Hapo ndipo anapoingia James Graham, Marquess wa Montrose, kijana aliyekuwa ametia saini Agano pamoja na wenzake lakini akahamia upande wa mfalme, kwa sehemu kwa sababu alichukizwa na nguvu za Argyll. Montrose aliungana na Alasdair Mac Colla, mpiganaji wa ukoo wa MacDonald aliyetua mwaka 1644 akiwa na askari kutoka Ayalandi.

Mwanafunzi anayesoma vita hivi kama vita vya mfalme na Bunge peke yake hataielewa Inverlochy. MacDonald na Campbell walikuwa na kisa chao cha ardhi. Mwanzoni mwa karne ile ya 17 ukoo wa Campbell ulijipatia ardhi za MacDonald huko Kintyre na Islay kwa kutumia hati na upendeleo wa serikali. Baba yake Alasdair aliwahi kuwa mfungwa wa Argyll. Kwa hiyo Alasdair alipopaza sauti kwa ajili ya mfalme, moyoni alikuwa anadai shamba. Hii ilikuwa vita ndani ya vita.

Tarehe 2 Februari 1645

Majira ya baridi ya 1644 kuingia 1645 Montrose na Alasdair waliingia nchi ya Argyll. Ilikuwa inaaminika kwamba jeshi haliwezi kupita milima ile wakati wa theluji. Wao walipita. Walichoma nyumba, wakaswaga ng'ombe, wakaua wanaume waliowakuta. Argyll aliponea chupuchupu kutoka Inveraray kwa chombo cha majini. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Kisha wavamizi waliondoka kuelekea kaskazini, na Argyll akawafuata na askari wapatao 3,000, wengi wao wa ukoo wake, wengine askari wa kawaida wa serikali. Alipiga kambi Inverlochy, chini ya mlima Ben Nevis, mahali ambapo maji ya bahari yanaingia hadi miguuni mwa milima. Montrose alikuwa na watu nusu ya hao. Alipopata habari kwamba Campbell wako nyuma yake aligeuza, akawapitisha watu wake milimani katika theluji, na alfajiri ya tarehe 2 Februari akatokea mahali ambapo hakuna aliyemtazamia.

Argyll alikuwa ameumia bega kwa kuanguka, hawezi kushika upanga. Usiku ule alilala ndani ya jahazi lake la makasia, na uongozi wa nchi kavu akauacha kwa jamaa yake Sir Duncan Campbell wa Auchinbreck, askari mzoefu. Vita havikuchukua muda mrefu. Pembeni walivunjika askari wa serikali, katikati wakabaki watu wa Campbell kuyapokea mapanga ya MacDonald. Auchinbreck aliuawa. Makadirio yaliyozoeleka yanasema watu 1,500 wa upande wa Argyll walikufa siku ile, wengi katika kukimbizwa. Argyll aliyaona hayo toka majini. Jahazi likaondoka.

Malenga kilimani

Palikuwa na mtu mwingine aliyetazama bila kupigana. Huyu ni Iain Lom, malenga wa MacDonald wa Keppoch. Simulizi inasema yeye ndiye aliyempelekea Montrose habari za adui, na kwamba Alasdair alipomtaka ashike silaha alijibu kwa hoja: mimi nikiuawa leo, kesho nani atawaimba? Akapanda mahali pa juu akatazama.

Utungo alioutunga juu ya siku hiyo ni miongoni mwa tungo mashuhuri za Kigaeli. Fani yake ni ile ya shahidi: nilikuwepo, niliona. Sifa ni za Alasdair na vijana wa MacDonald. Kwa Campbell kuna kejeli tupu, tena kejeli ya kufurahia maiti, ambayo msomaji wa leo anaweza kushindwa kuimeza. Sisi wanafunzi tumezoea kusema kwamba malenga ni sauti ya jamii. Sawa, lakini jamii ipi? Iain Lom alikuwa sauti ya ukoo ulioporwa ardhi na aliona deni linalipwa. Ukimsoma bila deni hilo utamwona katili tu, na ukilisoma deni peke yake utasahau kwamba waliolipa ni wapagazi na wakulima wa Argyll, siyo Argyll.

Linalonishangaza ni hili. Malenga naye hakupigana. Alikuwa juu ya kilima kama Argyll alivyokuwa juu ya maji, na kila mmoja alikuwa na sababu ile ile: kazi yangu ni kubwa kuliko upanga mmoja. Kwa malenga tumekubali sababu hiyo, tena tunaisimulia kwa kutabasamu. Kwa chifu tumeikataa. Kwa nini?

Jibu la haraka ni kwamba malenga hakuwa na watoto pale ufukweni. Naam, na nadhani jibu hilo ni sahihi, ila ushahidi wake mzuri hautoki kwa adui wa Argyll. Unatoka nyumbani kwake.

Sauti ya mwanamke wa Campbell

Kuna ombolezo la Kigaeli linalohusishwa na mke wa bwana wa Glenfaochan, mwanamke wa upande wa Campbell aliyefiwa na jamaa zake Inverlochy. Halina sifa za vita. Ni kilio cha mtu anayehesabu wafu wa nyumba moja. Katikati ya kilio hicho MacCailein anatajwa, na anatajwa kwa lawama: kwamba alishika njia ya maji, akaacha pigo liwaangukie watu wake.

Niliposoma habari za utungo huu ndipo niliposhindwa kuendelea na utetezi niliokuwa nimeanza kuujenga. Maana nilitaka kusema hivi: Argyll alikuwa kiongozi wa serikali ya Wana-Agano, angekufa au angetekwa siku ile, upande wake ungepoteza kichwa, bega lilikuwa bovu, kwa hiyo kuondoka kulikuwa na hekima. Hoja hiyo ni nzuri, na kwa Edinburgh inatosha. Lakini yule mama hazungumzi na mwanasiasa wa Edinburgh. Anazungumza na MacCailein Mòr. Hamwambii kwamba ameshindwa vita. Anamwambia kwamba baba haondoki watoto wakiwa wamebaki.

Hapa nadhani ndipo penye kiini cha maisha ya mtu huyu. Jahazi lile lilimbeba Marquess likamwacha chifu ufukweni. Alichagua cheo cha mfalme na Bunge, akakiacha cha ukoo, na aliyeliona hilo kwa usahihi kuliko wote hakuwa mwanahistoria wala jemadari. Alikuwa mwanamke mwenye msiba. Iain Lom alimcheka Argyll kwa sababu alikimbia adui. Mama huyu alimshtaki kwa sababu alikimbia wake. Mashtaka hayo mawili hayafanani, ingawa sisi katika semina tuliyafunga katika neno moja, "mwoga".

Vita kwa njia ya kalamu

Baada ya Inverlochy wengine wangejificha. Argyll alirudi Bungeni na kwenye kamati. Agosti 1645, huko Kilsyth, alikuwa miongoni mwa wanakamati walioingilia maamuzi ya jemadari wao, jeshi likapotea, na kwa mara nyingine akaokolewa na chombo cha majini. Hata hivyo mwezi uliofuata Montrose alishindwa Philiphaugh, na upepo ukageuka.

Ulipogeuka, kisasi kikaanza. Mwaka 1646 watu wa Campbell waliuzingira ukoo wa Lamont, ambao ulikuwa umeshiriki kuwashambulia. Lamont walijisalimisha kwa maandishi, wakiahidiwa maisha. Walipelekwa Dunoon, na zaidi ya 100 wakauawa. Mwaka 1647 Argyll aliandamana na jeshi la Wana-Agano hadi Dunaverty, ncha ya kusini ya Kintyre. Ngome ilijisalimisha kwa kukosa maji, na watu takriban 300 wa upande wa MacDonald wakachinjwa. Mtu asiniambie kwamba huyu alikuwa msomi mpole aliyeonewa na washairi. Alijua vita vilivyo. Tofauti ni kwamba aliviendesha kwa hati, amri na mkataba, na mkataba ulipomzuia, wafuasi wake waliuvunja.

Mwaka 1649 Waingereza walimkata kichwa Charles I. Waskoti, Argyll akiwemo, walikasirika: mfalme alikuwa wao pia. Wakamtangaza mwanawe, Charles II, kwa sharti kwamba akubali Agano. Montrose alirudi kumpigania mfalme mpya bila sharti hilo, akashindwa, akanyongwa Edinburgh tarehe 21 Mei 1650. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akipitishwa mjini juu ya mkokoteni, Argyll alikuwa dirishani pamoja na jamaa waliokusanyika kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Kichwa cha Montrose kilichomekwa juu ya jengo la gereza na mahakama, Tolbooth, na viungo vyake vikagawiwa miji mbalimbali.

Tarehe 1 Januari 1651, huko Scone, Argyll kwa mkono wake mwenyewe alimvika Charles II taji. Palikuwa hata na mazungumzo kwamba mfalme amwoe binti yake. Lakini jeshi la Cromwell lilikuwa limekwisha kuwapiga Waskoti Dunbar, na Septemba 1651 likawamaliza Worcester. Mfalme akakimbilia ng'ambo. Mwaka 1652 Argyll alikubaliana na watawala wapya, Waingereza. Walipoasi wafuasi wa mfalme mwaka 1653, kijana wake mkubwa, Lord Lorne, alikwenda porini pamoja nao. Baba upande huu, mwana upande ule. Ukoo uliokuwa unaitwa "watoto" sasa ulikuwa umegawanyika hadi ndani ya nyumba ya baba mwenyewe, na baba akiwa amezama katika madeni ya miaka mingi ya vita.

Mwanamwali

Mwaka 1660 Charles II alirudishwa kwenye kiti. Argyll alikwenda London kumpongeza, akakamatwa kabla ya kumwona. Alirudishwa Edinburgh kushtakiwa mwaka 1661. Orodha ya mashtaka ilikuwa ndefu, na Dunoon ilikuwamo. Alijitetea kwa ufundi, shtaka la kuhusika katika kifo cha Charles I likaanguka, na wengine walianza kudhani ataponea. Ndipo zikaletwa barua. Zilikuwa barua zake mwenyewe, alizowaandikia wakuu wa utawala wa Cromwell. Zilipelekwa na General Monck, aliyewahi kuwa mkuu wa utawala huo huko Uskoti, kisha akawa mtu mkubwa wa mfalme. Zikasomwa, kesi ikaisha.

Kwa hiyo aliyeishi kwa kalamu alihukumiwa kwa kalamu. Tarehe 27 Mei 1661 alikatwa kichwa kwa mashine iliyoitwa Maiden, yaani Mwanamwali, ambayo mpaka leo ipo katika makumbusho ya taifa Edinburgh. Inasimuliwa kwamba alikula kwale kabla ya kutoka, na kwamba daktari aliyemshika mkono alikuta mapigo ya moyo yametulia. Kichwa chake kilichomekwa Tolbooth, mahali pale pale palipokaa kichwa cha Montrose, ambacho kilikuwa kimeteremshwa na kuzikwa kwa heshima kubwa wiki chache tu kabla. Aliyemvika mfalme taji aliuawa kwa jina la mfalme huyo huyo.

Wakati huu hapakuwa na jahazi. Hata wale waliomchukia walikiri kwamba alikufa kwa utulivu. Sasa tuulize: je, mwoga hufa hivyo? Na kama siyo mwoga, kile cha Inverlochy tukiiteje?

Fasihi iliyofuata

Fasihi haikuuliza swali hilo. Wimbo wa kuchomwa kwa Airlie uliimbwa na Waskoti kwa vizazi, na ndani yake Argyll amekuwa mhalifu anayemtaka bibi wa nyumba ashuke ambusu. Amri ya serikali ya mwaka 1640 imegeuka kuwa ubaya wa mtu mmoja mbele ya mwanamke mmoja. Waimbaji wa baadaye waliuhusisha hata na vita vya mwaka 1745, zaidi ya miaka 100 baadaye. Walter Scott, katika riwaya yake ya Montrose ya mwaka 1819, alilitumia tena jahazi. Mshairi W. E. Aytoun, katika kitabu chake cha mwaka 1849, alilitumia dirisha la harusi. Jahazi, dirisha, moto: picha tatu, na katika zote Argyll anatazama tu au anaharibu. Hakuna picha ya yeye akibaki kitini Glasgow, maana mtu aliyeketi haimbiki.

Hili ni suala la fani, na linatuhusu. Utungo wa sifa unahitaji mwili unaotenda: upanga, mwendo, jeraha. Kamati, mkataba na deni havina mizani. Kwa hiyo fani yenyewe humchagua shujaa kabla malenga hajafungua kinywa. Montrose, aliyeshinda vita vingi na kupoteza kila alichokipigania, anaingia katika fani hiyo bila shida. Argyll, ambaye kanisa alilolipigania ndilo mpaka leo kanisa la taifa la Uskoti, anabaki nje. Wanahistoria wameanza kumrudia. Kitabu cha Allan Macinnes cha mwaka 2011 kinamsoma kama mwanasiasa wa visiwa vyote vile, siyo jini wa hadithi. Lakini mwanahistoria haimbwi kwenye arusi.

Hitimisho

Katika kanisa la St Giles, lile lile ambako ghasia zilianza mwaka 1637, kuna makumbusho mawili ya marumaru yaliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19. Moja ni la Montrose, jingine la Argyll, kila moja upande wake wa kanisa. Taifa limeamua kuwalaza wote ndani ya nyumba moja. Huo ni uamuzi mzuri kwa taifa, lakini kwa mhakiki hautoshi, kwa sababu yule mama wa Glenfaochan hana marumaru, wala wale wa Lamont na Dunaverty hawamo katika upatanisho huo wa wakubwa wawili.

Nirudi kwenye swali la semina. Shujaa anaweza kukimbia vita akabaki shujaa? Sasa naona swali lilikuwa na kasoro, nasi tuliharakia kulijibu. Tungeuliza kwanza: anamkimbia nani, na anamwacha nani? Mbele ya Montrose, Argyll alifanya ambalo wakuu wengi wa serikali wamefanya na watafanya. Mbele ya watu wake alivunja ahadi ambayo haikuandikwa popote, na yeye aliyekuwa hodari wa maandishi huenda hakuiona uzito kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo simwondolei Argyll hatia. Naibadilisha tu mahali pake. Na ningependa wenzangu tunapoandika insha zetu tusilitumie neno "mwoga" au "msaliti" kama muhuri wa posta, tukaugonga na kupita. Tumsikilize anayelitamka, tujue amesimama wapi: kilimani, ndani ya jahazi, au ufukweni kati ya maiti zake.